Nilimtoa uwanjani mtu wangu mwenyewe, Shangazi akaipokea kesi

Wakuu, za mapumziko.

Miaka mingi humu mimi ni msomaji wa kimya. Nimecheka na nyuzi zenu, nimejifunza kufuga kuku ambao sina, nimejua bei za viwanja vya Kigamboni ambavyo sitanunua. Leo zamu yangu kulisha wengine.

Haya yamenitokea mimi, hapa hapa London. Chumvi sijatia. Wazee wa "hii chai" leteni vitafunwa kabisa.

Niweke wazi mapema ili asiyetaka ashukie kituo hiki: mimi ni Mtanzania, Mpare wa Same, ni gay, na ni refa wa besiboli.

Katika hayo yote, lililowashangaza zaidi rafiki zangu ni besiboli.

Wenye mawe nawaomba muyaweke chini kidogo, mtayarusha mkimaliza kusoma. Ila mjue mimi ni refa. Natukanwa kila wikiendi na watu waliovaa jezi safi, kwa hiyo wa kunitukana bure akiwa amelala kitandani na simu mtanisamehe nikisinzia.

Twende kazi.

Kwanza besiboli ni nini, maana najua mtaniuliza.

Mmoja anatupa mpira. Mwenzake anasubiri na gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia. Pale alipoanzia pana kibao cheupe ardhini, kinaitwa home plate. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji. Nyuma ya mdakaji nachuchumaa mimi, nimevaa barakoa ya chuma na sponji kifuani kama FFU wa kutuliza ghasia.

Kazi yangu ni kuamua mpira umepita panapotakiwa, juu ya kibao kati ya goti na kifua cha mpigaji, au haukupita. Ukipita panapotakiwa na mpigaji hajaupiga, hiyo ni strike. Mpigaji akifikisha tatu, zamu yake imeisha. Ukijua hayo umemaliza, mengine ni mbwembwe.

Nilijifunzia sekondari Dar. Tulikuwa na mwalimu wa Kijapani wa kujitolea, alikuja kufundisha hesabu akaja na begi la magongo. Wenzangu wote walitaka kupiga. Mimi nilitaka kusimama nyuma na kusema nani kakosea. Mtasema ni Upare, sibishi.

Huku besiboli si ya mabilioni kama Marekani. Hata ligi ya juu inachezwa kwenye park, na mbwa wa mtu anaweza kuingia akaondoka na mpira. Lakini marefa tunalipwa, tuna uniform, tunafanyiwa assessment, na tunaheshimiwa sana mpaka pale tunapotoa uamuzi wa kwanza. Siku za kazi nipo ofisi ya ratiba za mabasi. Wikiendi ni refa.

Na hili la kuwa gay, uwanjani halijawahi kuwa habari kubwa. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Geoff, mzee wa Kiingereza aliyenifundisha kazi. Nilijipanga wiki nzima, nikamwambia huku natetemeka. Akafikiri, akaniambia bado nachelewa kuchuchumaa kwenye mipira ya chini. Hilo ndilo lilikuwa linamkosesha usingizi.

Wachezaji nao wananiita kipofu, wananiuliza kama nataka miwani, mmoja aliniletea kweli fimbo nyeupe. Hilo lingine hawana muda nalo, kipofu inawatosha.

Sasa kuna Nilesh.

Nilesh ni mtu wangu. Amezaliwa Tooting, kwao ni Wagujarati, babu na bibi yake walikuwa na duka Moshi zamani kabla ya kuhamia huku. Baba yake alimnunulia gongo la kriketi angali anatambaa. Yeye akakua akaenda besiboli. Nyumbani kwao wanalizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama msiba.

Kiswahili anacho kidogo, amekipata kwa bibi yake. Ni Kiswahili cha dukani cha enzi hizo. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Tanzania aliniangalia kwa mapenzi yote akaniambia, "Kopo hapana rudisha." Nikajua nimekwisha.

Tunaishi wote Tooting. Kwa sababu hiyo mimi sichezeshi mechi za timu yake. Anayepanga marefa anajua, timu zote zinajua, na maisha yanaenda.

Asiyejua alikuwa mmoja tu. Shangazi.

Hapa naomba msome taratibu.

Shangazi Namsifu ni dada wa baba yangu. Anaishi Wembley, anafanya kazi care home, yuko London tangu wengi wenu mko chekechea. Nilipokuja kusoma nilifikia kwake. Alinilaza sebuleni, akanipa koti lake la baridi, la kike, la zambarau, nikalivaa winter nzima nikiwa na furaha kama mjinga. Nikiumwa anakuja na uji. Huku Ulaya ndugu yangu ni yeye, mwingine sina.

Halafu Shangazi ana mahakama.

Wapare humu mtanielewa, na wasio Wapare mnatujua kwa kesi. Watanzania wa Wembley wakigombana mke na mume, hawaendi kwa counsellor. Wanaenda kwa Shangazi Jumapili. Ana kiti chake cha mbao karibu na radiator, akikikalia ujue baraza limefunguliwa. Anamsikiliza huyu, anamsikiliza yule, anauliza maswali mawili matatu mabaya sana, anatoa hukumu. Mwenye kosa anaosha vyombo. Nimeona madaktari wawili wakiosha sufuria pale huku wanalia.

Pia ana nesi wa Reading.

Nesi wa Reading ni binti mzuri, mcha Mungu, kwao Usangi, na Shangazi amekuwa akinitumia picha zake WhatsApp kwa muda sasa. Nesi kwenye harusi. Nesi na keki. Nesi na gauni lile lile upande wa kushoto. Mimi najibu "amependeza Shangazi" na emoji ya mikono, nazima simu.

Nilesh kwa Shangazi alikuwa "yule housemate wako Mhindi". Walikuwa hawajawahi kuonana.

Kwa nini sikumwambia? Niliogopa. Sikuogopa matusi, matusi ndiyo kazi yangu. Niliogopa kupata Jumapili ambayo siwezi kupanda treni kwenda Wembley. Ukiwa mbali na kwenu unaweza kukosa vingi ukaishi, lakini kukosa mlango wa kubisha hodi ni jambo jingine.

Basi. Mwezi wa tisa Shangazi akasema anataka kuja kuniona kazini. Watu wa jumuiya wanamuuliza mtoto wako anafanya nini wikiendi, anasema refa, wanauliza wa timu gani ya Premier League, anakosa jibu. Anataka aone kwa macho yake.

Nikachagua mechi kwa uangalifu wa mtu anayeficha kitu. Pale park kuna viwanja viwili. Mimi nilipangiwa cha chini, timu mbili ambazo hazinihusu. Nilesh anacheza cha juu, mbali, nyuma ya miti. Nikajisifu mwenyewe kwa akili.

Jumapili ikafika. Shangazi ni Msabato, kwa hiyo Jumapili yuko huru kabisa. Akashuka kwenye basi na kofia ya kanisani, kiti cha kukunja, mwavuli, na hotpoti mbili. Moja makande, moja pilau ya mbuzi. Nikamuuliza yote hayo ya nani. Akasema hawezi kwenda shughuli ya mtoto wake mikono mitupu.

Nikamweka mahali pazuri. Nikavaa sponji zangu, akanizunguka akinikagua, akasema sasa nimekuwa na mwili.

Hapo ndipo nikamwona Geoff anashuka kutoka uwanja wa juu, anatembea haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu.

Refa wao mmoja gari limemfia njiani. Geoff yuko peke yake. Kwetu kule chini tulikuwa wawili na mechi yetu ilikuwa ya kirafiki, mmoja anatosha. Mechi ya juu ilikuwa ya kubaki ligi au kushuka. Mwenyeji asipopata marefa wawili anahesabiwa kashindwa.

Mwenyeji ilikuwa timu ya Nilesh.

Nikamwambia Geoff unajua siwezi. Akasema sheria inaruhusu, ila lazima nitamke uhusiano wangu na mchezaji pale home plate kabla ya mechi, mbele ya makocha wote wawili, na wote wakubali. Nikasema lakini wanajua. Geoff akasema kujua si kutamkiwa. Mzee yule angekuwa Mpare.

Nikageuka kumwambia Shangazi abaki pale, narudi sasa hivi. Kiti kilikuwa kimeshakunjwa.

(Wakuu subirini, nimefika kituo changu. Naingia home naendelea.)

Nimerudi. Naona mmeshajaza comments. Mkuu uliyesema besiboli ni rede ya watu wazima, sijui kama nikupinge au nikushukuru.

Tuendelee.

Kabla ya mechi ya besiboli kuna kikao kidogo. Makocha wawili na marefa wawili wanasimama kuzunguka home plate, wanabadilishana majina ya wachezaji, wanakumbushana mipaka ya uwanja. Ni dakika chache tu, wanasimama, wanamaliza.

Shangazi alikuwa ametufuata mpaka uwanja wa juu, yuko pembeni ya uzio. Akaona wanaume wanne wamesimama duara na nyuso za kazi. Kwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajaona watu wakikutana namna ile bila mzee, ile hali haikumkalia vizuri. Akaingia uwanjani. Akafungua kiti chake karibu na home plate, akakaa, na hotpoti ya pilau akaitua juu ya kibao cheupe.

Hakuna aliyemzuia. Kocha wa wageni alidhani ni mtu wa ligi. Geoff akainua kofia kumsalimia.

Nikawa nimesimama pale, jasho jembamba linanitoka ndani ya sponji.

Ninge-withdraw. Ningesema naumwa tumbo. Timu ya Nilesh ingeshuka daraja bila kurusha mpira, na Nilesh alikuwa anani­angalia kutoka kwenye benchi lao, anajua kabisa mwenye kiti kile ni nani, maana nimemsimulia habari zake mara nyingi. Akanitikisia kichwa, usiseme. Alikuwa radhi washuke.

Hicho kichwa ndicho kilichonimaliza. Mimi kazi yangu yote ni kusema kilichotokea kwa sauti, hata kama uwanja mzima hautaki kusikia. Nikaona nikivunga hapa, hiyo barakoa sitaivaa tena kwa amani.

Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazini, kwamba mchezaji namba saba wa wenyeji, Nilesh, ni mpenzi wangu, tunaishi nyumba moja, na kama kuna mwenye pingamizi aseme.

Shangazi Kiingereza anakijua. Miaka yote hiyo care home, anakijua mpaka kile cha kunong'ona.

Kocha wa kwanza akasema hana pingamizi. Wa pili akasema hana, ilmradi nisimpendelee. Geoff, kwa ile adabu yao, macho yakazunguka duara mpaka yakatua kwenye kiti. Akauliza, "And you, madam?"

Wakuu, nimesimamia mechi zenye ngumi. Sijawahi kuogopa kama pale.

Shangazi hakumwangalia Geoff. Aliniangalia mimi, kama anayesoma bei.

"Mimi nimekuja kuangalia mpira," akasema.

Geoff akanigeukia kwa tafsiri. Nikatafsiri.

Akasimama, akakunja kiti, akarudi zake nje ya uzio. Hotpoti akaisahau. Geoff ndiye aliyeibeba, mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka kivulini. Tukaanza mechi.

Sasa niwaambie kitu kimoja cha kazi yetu. Refa ana brashi ndogo mfukoni ya kufagia home plate ikijaa vumbi. Na tuna desturi: ukiinama kufagia, humgeuzii mtazamaji makalio. Unazunguka mbele, uso unaelekea kwa watu. Ni adabu ya zamani, Geoff anaisimamia kama amri ya Mungu.

Maana yake kila nikiinama na brashi, niko uso kwa uso na Shangazi. Na siku hiyo kulikuwa na vumbi.

Mara ya kwanza alikuwa anaangalia pembeni. Mara ya pili ameinamia mikono yake. Mara ya tatu alikuwa amevua kofia ya kanisani ameipakata, na hapo nikaumia kweli, kwa sababu Shangazi kofia haivui mpaka apate habari ya msiba. Nikafagia kibao ambacho kilikuwa kisafi tayari.

Mechi ikawa ngumu. Timu ya Nilesh nyuma kwa pointi moja. Ikafika nafasi yao nzuri, vituo vyote vina watu, na anayeingia kupiga ni namba saba.

Sikumwangalia usoni. Strike ya kwanza. Strike ya pili. Halafu ukaja mpira wa chini, ule ule ambao Geoff amenipigia kelele miaka yote, unagusa usawa wa goti kwa kucha tu. Nilikuwa nimechuchumaa kwa wakati. Niliuona vizuri kuliko ninavyoiona simu hii.

Strike ya tatu. Nikaita kwa sauti.

Nilesh hajawahi kubishana na refa yeyote. Siku hiyo sijui ni nini, labda ni kile kichwa alichonitikisia na mimi nikasema hata hivyo. Akageuka, akaniambia mpira ulikuwa chini na mimi najua ulikuwa chini. Nikamwambia aende akakae. Hakwenda. Akashusha gongo, akachora mstari kwenye vumbi kunionyesha mpira ulipopita.

Wakuu, kwenye besiboli hilo halina mjadala. Ukimchorea refa mstari, unatoka uwanjani. Kila mchezaji anajua. Yeye nilimweleza mimi mwenyewe jikoni kwetu, nikiwa nimeshika mwiko.

Nikavua barakoa. Nikanyoosha mkono, nikamtoa.

Na sikumtoa kimyakimya, kwa sababu hatufundishwi kumtoa mtu kimyakimya. Ni mkono mzima, na sauti ya kufika barabarani. Mchezaji akitolewa lazima aondoke kabisa machoni pa watu, kwa hiyo Nilesh akaokota glovu yake akaenda zake parking, peke yake, mabega chini.

Nikageuka kuvaa barakoa. Nikaona Shangazi amesimama, kofia kairudisha kichwani. Anakunja kiti. Anachukua hotpoti zote mbili. Anaelekea parking.

Mimi siruhusiwi kuondoka. Mechi ilikuwa bado mbichi.

Sijui niwaeleze vipi hicho kipindi. Mbele yangu mtu anatupa mpira kwa spidi ya gari la highway, na mimi jicho moja liko parking, ambako naona kofia ya kanisani na kofia ya besiboli zinaelekeana. Kofia ya kanisani inatikisika. Kofia ya besiboli inainama. Nikawaza anamtukana. Nikawaza anamwombea. Nikawaza anamweleza habari za nesi wa Reading. Mdakaji akageuka akaniuliza kwa upole kama nipo.

Timu ya Nilesh ikafungwa kwa hiyo hiyo moja. Wakashuka daraja.

Nikaenda parking na barakoa usoni, sikumbuki hata kama niliaga.

Nikamkuta Nilesh ameketi kwenye kiti cha Shangazi. Shangazi mwenyewe amesimama, ameshika mwavuli juu yake kumkinga jua. Nilesh ana sahani ya pilau ya mbuzi, anakula kwa mkono, macho mekundu.

Ilivyokuwa, nilisimuliwa baadaye na wote wawili. Shangazi alifika akamkuta kajikalia kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa amekwenda kumpa maneno, na maneno alikuwa nayo. Lakini kijana alikuwa analia, na Shangazi hajui kumsema mtu mwenye njaa. Akamfungulia makande, kwa kuwa ni Mhindi, akidhani hali nyama. Nilesh akatazama makande. Akatazama hotpoti ya pili. Akakusanya Kiswahili chote cha bibi yake.

"Mama, nyama weka. Bibi yangu hapana jua."

Shangazi anasema alifunika makande kwanza. Halafu akafunua pilau.

Mimi niliposimama mbele yao kitu cha kwanza aliniambia nivue barakoa anione. Nikavua. Nikaanza kusema Shangazi nisamehe, nilitaka kukuambia, akanyoosha kiganja.

"Mtu wa nyumbani kwako humtoi hivyo mbele za watu," akasema. "Jumapili ijayo mje Wembley, nyote wawili. Kesi nimeipokea."

Akafunga hotpoti, akachukua kiti, akakataa lifti. Akapanda basi.

Wiki ile ilikuwa ndefu, wakuu. Simu zangu hapokei. Picha za nesi zimekoma, na kwa mara ya kwanza nikazitamani, ningepata hata nesi na keki nikafurahi. Nilesh naye amenuna kwa sababu ya strike. Tunapishana jikoni kama wapangaji. Nikawa siogopi tena kitu kimoja, naogopa viwili.

Jumapili tukaenda. Nilesh amevaa shati la harusi. Tukafika, kiti cha mbao kiko karibu na radiator, amekikalia.

Alianza kwa kusema amekasirika. Alisema wiki nzima hajalala vizuri, ameongea na Mungu na bado wanaongea, na mtu asimuulize wamefikia wapi. Alisema kilichomuuma zaidi ni kwamba nilimwambia kwa wakati mmoja na kocha wa wageni. Hapo nililia, sioni aibu kusema. Akanipa kitambaa bila kuniangalia.

Kisha akafungua kesi. Akamsikiliza Nilesh, kwa Kiingereza na Kiswahili cha dukani. Akanisikiliza mimi. Nilesh akatoa simu, mchezaji mwenzake alikuwa amerekodi. Shangazi akasema video arudishe mfukoni, baraza hili halihitaji video, shahidi alikuwepo na ndiye hakimu.

Akaenda jikoni akarudi na mwiko na limau.

Nilesh akasimamishwa katikati ya sebule na mwiko. Mimi nikachuchumaa nyuma yake, mgongo kwenye kabati la vyombo. Shangazi akasimama karibu na TV, akamuuliza Nilesh goti lake liko wapi, akaambiwa. Akarusha limau. Akarusha tena. Mara ya tatu likapita usawa wa goti kwa kucha tu, likapiga kabati, na glasi moja ya seti ikafa.

"Hivyo?" akamuuliza Nilesh.

Nilesh akaliokota limau. Akasema, "Ndiyo, mama. Strike."

Hukumu ikatoka. Kazini mimi nilikuwa sahihi, mpira ulikuwa halali na mstari haukuwa na adabu. Nyumbani nilikosa, kwa sababu mtu ametoka pale analia na mimi nimebaki nafagia kibao. Wote tuna makosa, wote tuoshe. Na glasi atalipa Nilesh, kwa kuwa ndiye aliyebisha.

Tukaosha. Sufuria la makande lilikuwa limeungua chini, nahisi makusudi.

Nikiwa na sabuni mpaka kwenye viwiko nikajikaza nikamuuliza, Shangazi, na hili jambo lingine. Akauliza lipi. Nikasema la mimi na Nilesh.

Akafuta meza kwanza.

"Hilo sijalipokea," akasema. "Limelizidi baraza langu. Nimepokea la mpira."

Nikaitikia. Niliumia, siwadanganyi. Lakini tulipoondoka alimpa Nilesh ile hotpoti ya pilau, akamwambia airudishe Jumapili. Tukatembea mpaka stesheni, mimi nimebeba mwavuli, yeye kakumbatia hotpoti.

Tumeirudisha. Imetoka tena imejaa. Inakwenda na kurudi mpaka leo.

Mwisho wa yote ni juzi. Nimekutana na dada mmoja wa jumuiya duka la vyakula pale Wembley, tukasalimiana, akaanza kunitania kwamba nimemwacha nesi wa Reading kwenye mataa. Nikamuuliza nani kasema. Akasema mama yake nesi alimpigia Shangazi kuuliza mipango imefikia wapi, na Shangazi akamjibu kwa ufupi tu.

"Yule ana mtu."

Nilisimama katikati ya mihogo na ndizi za kupika nikashindwa kuendelea na shopping. Kwangu mimi hajasema hivyo hata siku moja, na sidhani kama atasema. Lakini amemwambia mama wa Usangi, na mnajua Usangi habari haikai.

Nilichojifunza: ukweli usiusubirishe mpaka ukaja kuutoa mbele ya makocha. Mwenye haki ya kusikia kwanza asikie kwanza, hata kama unatetemeka. Kingine, hakimu akiwa anajua kupika, nenda na njaa.

Haya, mawe yenu yako wapi, nimekaa. Wapare nawaomba mje na maoni ya kisheria kuhusu glasi, maana Nilesh anataka kukata rufaa.